Picha haikuona kitu, lakini ubongo uliumia

Mitaani kwetu jeraha la kichwa hupimwa kwa damu. Mtoto akiteleza kwenye ngazi za ploti, majirani hukimbia na kumgeuza huku na huku. Wakiona damu, hupiga mayowe na kutafuta gari. Wasipoiona, humpa maji ya kunywa, humpangusa machozi na kumwambia, "Pole, umeshapona." Pakiwa na nundu, mama hulikanda kwa kitambaa chenye maji baridi na mambo huishia hapo. Jioni mtoto akikataa chakula na kulala mapema, husemwa kuwa amechoka na michezo.

Hospitalini nako, ambako damu si kipimo cha pekee, kuna neno moja ambalo limewatatanisha wengi. Nalo ni neno "dogo". Jeraha dogo la ubongo. Madaktari wana maana yao wanapolitumia, na sisi tunaolipokea tuna yetu. Mimi nimeishi katikati ya maana hizo mbili kwa miezi mitano, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo, kwani naamini kwamba miongoni mwenu, wasomaji, wapo ambao wanaishi pale pale nilipokuwa, au wana mtu nyumbani anayeishi hapo na hawajamwelewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nairobi. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi 2023 nilikuwa nimeabiri matatu katika Barabara ya Jogoo, nikielekea kazini kama kawaida. Mtu mmoja mwenye mkokoteni alivuka ghafla, dereva akafunga breki, na kichwa changu kikagonga chuma cha kiti cha mbele, upande wa kulia juu ya sikio. Shingo ilizunguka kwa nguvu. Kama nilizirai, basi ilikuwa ni kwa kufumba na kufumbua. Nakumbuka makanga akiniuliza, "Mzee, uko sawa?" lakini hadi leo sikumbuki nilivyoshuka, wala simjui msamaria mwema aliyenishika mkono na kunivusha barabara.

Nilifikishwa hospitalini asubuhi hiyo hiyo. Daktari kijana alinimulika macho kwa tochi, akaniuliza jina langu, siku gani ilikuwa na tulikuwa mahali gani. Aliniambia nivibane vidole vyake, kisha akaagiza nipigwe picha ya CT. Baada ya saa mbili alirudi akitabasamu. "Mzee, una bahati. Picha ni safi. Hili ni jeraha dogo tu. Nenda nyumbani upumzike, na usiku mtu akuangalie." Mama watoto, ambaye alikuwa amewasili kwa teksi huku bado amevaa aproni ya jikoni, alishusha pumzi na kumshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa na haki ya kushukuru, kwa kuwa picha hiyo ilikuwa imetuondolea hofu ya jambo kubwa zaidi, yaani damu kuvuja ndani ya fuvu.

Kelele za darasa

Siku hiyo ya kwanza kichwa kiliniuma kiasi tu. Ilikuwa ni siku ya pili na ya tatu ambapo mambo yaligeuka. Mwangaza wa dirisha ulinichoma macho. Sauti ya vijiko ikigongana kwenye karai ilinifanya nitoke nje. Nilipofungua gazeti, nilisoma aya moja mara tatu na kufika mwisho bila kujua ilisema nini. Binti yangu, aliye katika Kidato cha Pili, aliniambia kwa upole mezani, "Baba, hilo umeniuliza sasa hivi."

Nilirudi shuleni juma lililofuata. Mwalimu wa Kiswahili huishi kwa maneno, na maneno yalikuwa yamenikimbia. Nilisimama mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu nikitaka kusema "chaki" na neno lisije. Wanafunzi ambao nilikuwa nimewafundisha miaka miwili nilijua sura zao lakini majina yalikataa. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima shamba zima. Rundo la insha, ambalo zamani nililisahihisha kwa jioni mbili, lilikaa mezani wiki nzima. Na hasira! Mimi ambaye wanafunzi walinipa jina la utani kwa sababu ya upole, nilianza kufoka kalamu inapoanguka.

Katika chumba cha walimu minong'ono ilianza. Mmoja wa wakubwa zangu aliniuliza mbele ya wenzangu, "Mwalimu, si hospitali ilisema u mzima?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameiona barua ya daktari, na barua ilisema picha ni safi. Jirani yetu mmoja naye alimnong'onezea mama watoto kuwa huenda nimerushiwa kitu na watu wenye kijicho. Wengine waliamini kwamba nilikuwa natafuta likizo wakati mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa imekaribia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sikuwa na bendeji, sikuwa na mkongojo, wala sikuwa na kovu la kuonyesha. Usiku nililala macho nikijiuliza iwapo nilikuwa naingia wazimu.

Mama watoto ndiye aliyekata shauri. "Baba watoto," aliniambia, "mimi nimekaa nawe miaka kumi na saba. Mtu niliyempeleka matatuni asubuhi ile siye niliyerudishiwa. Tutamtafuta daktari mwingine." Tulipiga foleni na kulipa tulichokuwa nacho, tukafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja wa makamo mwenye maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo limebaki nami: "Mwalimu, picha ile haikusema kwamba ubongo wako haukuumia. Ilisema kwamba ubongo wako hauvuji damu. Hayo ni mambo mawili."

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya jambo hili, kila macho yaliponiruhusu, na mengi nitakayoeleza hapa nilianza kuyasikia katika chumba chake.

Parachichi ndani ya mkebe

Kwanza, neno "dogo" lilitoka wapi? Mnamo 1974, madaktari wawili wa Glasgow huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha kupima fahamu za mtu. Mgonjwa hupewa alama kwa jinsi anavyofumbua macho, anavyojibu maswali na anavyosogeza viungo. Alama za chini kabisa ni 3 na za juu ni 15. Mwenye alama kati ya 13 na 15, ambaye hakuzirai zaidi ya nusu saa, na ambaye kumbukumbu zake zilivurugika kwa muda usiozidi siku moja, jeraha lake huitwa dogo. Maana yake ni kwamba hayuko karibu na kifo kama yule mwenye alama 5. Neno hilo halielezi mtu atajisikiaje mwezi ujao wala ataweza kufanya kazi gani.

Pili, ubongo wenyewe. Wengi wetu tumeuona wa mbuzi buchani na tunafikiri ni kitu kigumu kiasi. Ubongo ulio hai ni mwororo kama parachichi lililoiva sana. Wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na robo tatu ya nusu kilo hivi, na unaelea ndani ya maji maalum yaliyomo kwenye fuvu. Hebu chukua mkebe, tia maji, weka parachichi hilo ndani na ufunge. Ukiugonga mkebe, parachichi litagonga ukuta wa ndani. Lakini ukiuzungusha mkebe kwa ghafla, kuna jambo jingine hutokea: mkebe huzunguka kwanza, parachichi huchelewa kufuata, na nyama yake hujipinda ndani kwa ndani.

Mwanafizikia mmoja wa Oxford, A. H. S. Holbourn, alilionyesha jambo hilo mwaka 1943 bila kumpasua mtu yeyote. Alitengeneza mfano wa ubongo kwa jeli, akauweka katika umbo la fuvu na kuuzungusha kwa ghafla. Alipotazama jinsi jeli ilivyojikunja, alieleza kwamba kinachouumiza ubongo zaidi ni kule kuzunguka, wala si pigo la moja kwa moja pekee. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mtikisiko wa ubongo hata kama kichwa hakikugonga kitu, ilmradi kimerushwa na kupinduliwa kwa nguvu. Na ndiyo maana nundu kubwa si dalili ya jeraha kubwa ndani, wala kukosa nundu si dalili ya usalama.

Nyuzi zinazokatika polepole

Sasa tuingie ndani ya lile parachichi. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Miili ya seli hizo imejaa hasa katika ganda la juu lenye rangi ya kijivu. Kila seli ina uzi mrefu mwembamba, uitwao aksoni, ambao hupeleka habari kwa seli nyingine. Nyuzi hizo zikikusanyika mamilioni kwa mamilioni hufanya sehemu nyeupe ya ndani. Kama ganda la kijivu ni nyumba za mji, basi sehemu nyeupe ni nyaya za simu zinazoziunganisha. Fungu kubwa kuliko yote ni lile daraja linalounganisha nusu ya kulia na nusu ya kushoto.

Nyuzi hizi ndizo zinazoumia katika jeraha linaloitwa dogo. Ukiuvuta uzi wa neva polepole, unanyooka na kurudi bila taabu. Sisi huinama na kugeuza shingo kila siku na hakuna linaloharibika. Lakini ukivutwa kwa ghafla, katika muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, uzi uo huo huwa mkavu kama tambi isiyopikwa. Hauvunjiki vipande viwili papo hapo. Kinachovunjika ni vijireli vidogo vilivyomo ndani yake, ambavyo husafirisha protini na mahitaji mengine kutoka kwenye mwili wa seli hadi mwisho wa uzi. Reli ikikatika, mizigo hurundikana pale pale. Uzi huvimba kama bomba lililoziba. Baada ya saa kadhaa, au hata siku kadhaa, baadhi ya nyuzi zilizovimba hukatika kabisa, na nyingine hujitengeneza na kupona.

Hapo nilielewa kwa nini siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Breki ilifungwa mara moja tu, lakini ndani ya kichwa changu ajali ile iliendelea siku kadhaa.

Sehemu zinazoumia zaidi ni mahali ambapo ganda la kijivu hukutana na nyuzi nyeupe, kwa kuwa mbili hizo hazina uzito mmoja na haziendi kwa mwendo mmoja. Lile daraja la katikati. Na nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu ya mbele ndiyo hutusaidia kupanga kazi, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja na kuzuia hasira. Msomaji akizikumbuka zile insha zangu na kule kufoka kwangu, ataona uhusiano.

Je, tunajuaje haya, ikiwa mtu aliyepata jeraha dogo hafi na hivyo ubongo wake haupasuliwi? Mwaka 1956 daktari Sabina Strich wa Uingereza alieleza kuharibika kwa nyuzi nyeupe katika watu waliokuwa na majeraha makubwa sana. Kuhusu madogo, jibu la wazi lilikuja mwaka 1994. Madaktari wa Australia, wakiongozwa na Peter Blumbergs, waliandika katika jarida la Lancet juu ya watu 5 waliokuwa wamepata mtikisiko mdogo wa ubongo kisha wakafa kwa sababu nyingine. Walitumia rangi maalum inayoshika ile protini iliyorundikana. Wote 5 walikutwa na nyuzi zilizojeruhiwa, zikiwemo zile zinazohudumia kumbukumbu.

Fauka ya hayo, kuna msukosuko wa chumvi. Seli ya neva huweka potasiamu ndani na kuizuia kalsiamu nje, kama mlinzi anavyolinda lango. Pigo hufungua malango yote kwa pamoja. Potasiamu hutoka, kalsiamu huingia, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake. Inahitaji sukari nyingi kuliko kawaida, na wakati huo huo damu inayoleta sukari hiyo huweza kupungua. Matokeo yake ni ufukara wa nguvu unaodumu siku kadhaa hadi majuma. Uchovu wangu wa saa nne asubuhi, uliofanya wengine wanione mvivu, ulikuwa na asili yake humo.

Kwa nini picha haioni

Uzi mmoja wa neva huwa na unene wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko uzi huo mara hamsini na zaidi. Mashine ya CT, ambayo ilimpiga picha mgonjwa wake wa kwanza jijini London mwaka 1971, iliundwa kuona mifupa, damu na uvimbe mkubwa. Kwa kazi hiyo huokoa maisha kila siku. Lakini kuitaka ionyeshe nyuzi zilizovimba ni kama kumtaka rubani aliye angani akuambie ni uzi gani wa shati lako umefumuka. Hata MRI ya kawaida, iliyo na macho makali zaidi, mara nyingi haioni kitu.

Wanasayansi wamebuni njia nyingine. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake nchini Marekani walieleza namna ya kutumia MRI kufuata mwendo wa maji ndani ya ubongo. Katika nyuzi zilizo nzima, maji hufuata urefu wa uzi kama maji ya mfereji. Nyuzi zikiharibika, maji hutawanyika ovyo. Kwa njia hii watafiti wameona tofauti katika sehemu nyeupe za watu ambao picha zao za kawaida zilikuwa safi. Mwaka 2013 watafiti wa New York waliripoti kwamba, mwaka mmoja baada ya jeraha dogo, baadhi ya sehemu za ubongo wa wagonjwa waliowafuatilia zilikuwa zimepungua ukubwa kuliko za watu wasioumia. Tangu 2018 Marekani imeidhinisha pia kipimo cha damu kinachotafuta protini zinazovuja kutoka kwenye ubongo ulioumia, ili kumsaidia daktari kuamua ni nani anayehitaji CT.

Hata hivyo, nisije nikamtisha mtu. Vipimo hivi vya nyuzi hulinganisha makundi ya watu, na daktari hawezi kuvitumia kwa urahisi kumwambia mgonjwa mmoja kwamba uzi wako fulani umekatika. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba walio wengi hupona, wengi wao katika majuma machache. Ubongo una njia nyingi, na barabara moja ikifungwa hujifunza kupitia nyingine. Wapo wachache, nami nilikuwa mmoja wao, ambao miezi mitatu hupita na bado hawajarudi walivyokuwa. Hao ndio wanaohitaji kuaminiwa.

Njia ya kurudi

Daktari wangu hakunipa dawa nyingi. Alinipa ratiba. Zamani watu waliumizwa kichwa wakafungiwa chumbani gizani kwa majuma. Siku hizi ushauri umebadilika, na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 kujadili mitikisiko ya ubongo michezoni waliutia muhuri: pumzika siku moja au mbili, punguza kutazama simu na televisheni katika siku hizo, kisha anza kutembea na kufanya kazi nyepesi. Dalili zikizidi sana, rudi nyuma hatua moja. Zikivumilika, songa mbele.

Mimi nilianza na kutembea dakika kumi na tano jioni, mama watoto akiwa kando yangu. Shuleni mwalimu mkuu, baada ya kusoma barua ya daktari huyu wa pili, alinipunguzia vipindi kwa muhula mmoja na kunihamisha kutoka darasa lililo karibu na karakana ya useremala. Nilisahihisha insha tano, nikapumzika, kisha tano nyingine. Niliandika kila kitu katika daftari dogo. Nililala mapema. Pombe daktari aliikataza kabisa. Kufikia Agosti maneno yalikuwa yamerudi. Hadi leo kelele za ukumbi wa harusi hunichosha upesi kuliko zamani, na nimezoea kuaga mapema.

Onyo kubwa alilonipa lilikuwa ni hili: usigonge kichwa tena kabla hujapona. Ubongo ulio katika ufukara wa nguvu hauwezi kustahimili pigo la pili kama wa kawaida. Kwa vijana hasa, pigo la pili lililokuja mapema limewahi kuufanya ubongo uvimbe kwa ghafla na kuua. Ni jambo la nadra, lakini halina marudio. Ndiyo sababu kijana anayecheza raga au kandanda, akigongwa na kuonekana kayumba au kachanganyikiwa, hutolewa uwanjani siku hiyo na harudi, hata kama anaapa kuwa yuko sawa na timu iko nyuma kwa alama mbili.

Na bandu bandu huisha gogo. Mnamo 2002 daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, Marekani, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa amekufa akiwa na umri wa miaka 50. Kwa macho ubongo ule ulionekana wa kawaida. Chini ya hadubini ulikuwa na protini zilizojikusanya mahali pasipofaa, kwa sababu ya mapigo ya miaka mingi. Omalu alichapisha uchunguzi wake mwaka 2005. Mtikisiko mmoja uliotunzwa vizuri haumfikishi mtu huko. Mapigo mengi yanayodharauliwa ndiyo ya kuogopwa, na hapa simkumbuki mwanamichezo peke yake. Namkumbuka pia mke anayepigwa kichwani nyumbani kwake mwaka baada ya mwaka, ambaye husema aligonga kabati, na ambaye kisha huitwa msahaulifu.

Kwa familia zetu za mjini, zinazotegemea matatu na bodaboda, nina machache ya kusema. Funga mkanda palipo na mkanda. Abiria wa bodaboda naye adai kofia ya chuma yake. Haizuii ubongo kuzunguka kabisa, lakini huzuia fuvu kupasuka na hupunguza nguvu ya pigo. Mtu akigonga kichwa, mwangalieni kwa siku mbili. Akitapika tena na tena, akiumwa na kichwa kunakozidi, akilala na asiamke vizuri, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipatwa na kifafa, ulimi ukiwa mzito, mkono au mguu ukilegea, au maji maangavu yakitoka puani au masikioni, msingoje asubuhi. Mkimbizeni hospitalini.

Lakini akipita salama katika hayo yote, na picha ikawa safi, kazi ya familia haijaisha. Huo ndio wakati wa kumwuliza: Unasoma vizuri? Unalala? Kelele zinakuumiza? Unasahau? Mzazi amwandikie mwalimu wa darasa barua, na mwalimu ampe mwanafunzi muda zaidi wa kumaliza kazi yake, akae mbali na kelele, apumzike kati ya vipindi. Mwajiri asome barua ya daktari hadi mstari wa mwisho. Mgonjwa huyu hana bendeji, na pengine hatakuwa na picha ya kumshuhudia. Ana neno lake tu, na majuma machache ya kuaminiwa humtosha kupona.